Theluji tele shule wazi, jua linawaka shule imefungwa: nani anaamua?

*"Ndugu mtaalamu, mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka 9 na 6. Tulitoka Kenya tukaja Minnesota mwaka jana. Nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, saa 36 kwa wiki, huu ni mwezi wa sita. Jirani ndiye hulala na watoto na kuwapeleka kituo cha basi. Jumanne theluji ilianguka ikafunika buti zao, shule ikawa wazi. Ijumaa hakuna theluji mpya hata chembe, jua linawaka, shule ikafungwa! Ujumbe ulikuja saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, simu yangu iko kwenye kabati la kazini. Kuja kuuona ni saa kumi na mbili na robo, watoto wako kituoni wanangoja basi ambalo haliji. Mdogo alirudi ncha za vidole nyeupe kama chaki, na zilipopata joto alilia sana. Niliomba kuondoka mapema, msimamizi akaniambia nikirudia atanipunguzia saa. Nauliza: hawa wanaoamua wanapiga ramli? Mbona wasiseme usiku tukajipanga? Na siku nikiona mwenyewe baridi imezidi, naweza kukaa na wanangu hata kama shule iko wazi, ama nitaitwa mzazi mzembe?"*

Dada yangu, tuanze na vidole vya mtoto, hayo mengine yanaweza kungoja.

Ncha kuwa nyeupe kisha kuuma sana zikipata joto ni dalili ya ngozi iliyoanza kuganda juu juu ikawahiwa. Yale maumivu ni damu inarudi. Kama rangi na hisia zilirejea siku ileile na hakukutoka lengelenge, kwa kawaida hupona bila kuacha kasoro. Lakini ukiona malengelenge, ganzi isiyoisha, au ngozi ngumu kama nta, mpeleke kwa daktari leo, usingoje Jumatatu. Siku nyingine ikitokea, tumbukiza mkono kwenye maji ya vuguvugu, yale ya kumwogeshea mtoto mchanga. Usisugue, wala usimsogeze kwenye hita au jiko, maana kidole chenye ganzi huungua mwenyewe asijue. Tena wengi wanaambiwa waangalie weupe, kumbe kwenye ngozi kama zetu mara nyingi huwa ni kijivujivu tu, kama mkono uliokosa mafuta. Alama ya kuaminika ni ganzi. Mtoto aliyekuwa analalamika mkono unauma akinyamaza ghafla huko nje, usifurahi.

Sasa hilo la ramli. Nimekuwa kwenye usafiri wa shule hapa Minnesota miaka mingi, kwanza nyuma ya usukani, baadaye kwenye meza ya kupanga safari za mabasi, na swali lako nimeulizwa hata na wadogo zangu. Hawapigi ramli. Ila wanachokiangalia wao hukioni ukiwa dirishani.

Nyumbani tumezoea neno kama hili litoke juu. Utakumbuka mafuriko ya 2024 huko Kenya: shule zilikuwa zifunguliwe Aprili 29, wizara ikasogeza kwa wiki moja, Rais akaahirisha tena bila kutaja tarehe, na watoto wakaja kurudi Mei 13. Tangazo moja, nchi nzima. Hapa kila wilaya ya shule ina mkuu wake, na kwa kawaida neno la mwisho ni lake. Gavana anaweza kufunga shule za jimbo zima, lakini ni nadra mno. Mark Dayton alifanya hivyo Januari 6, 2014, na kabla ya hapo ilikuwa imepita miaka 17. Kwa hiyo shule ya wanao inaweza kufungwa na ya watoto wa mwenzako wa kazini, ng'ambo ya barabara tu, ikawa wazi. Hakuna aliyekosea. Ni wakuu wawili, mabasi tofauti, na barabara tofauti.

Mkuu huyo halali vizuri wakati wa baridi. Usiku anasoma utabiri wa idara ya taifa ya hali ya hewa, ambayo ofisi yake ya eneo la Minneapolis iko Chanhassen. Saa tisa na saa kumi za usiku kuna watu wake wanaendesha magari kwenye njia za mabasi, wanakanyaga breki makusudi waone gari linateleza kiasi gani. Anaongea na wanaosukuma theluji barabarani. Anapigiana simu na wakuu wa wilaya jirani. Kufika saa kumi na moja alfajiri lazima awe ameshaamua, kwa sababu madereva wa kwanza ndio wanaingia uwanjani. Ujumbe wako wa saa kumi na moja na dakika kumi umetokea hapo.

Turudi kwenye siku zako mbili. Sisi tuliotoka kwenye joto tunaitupia theluji lawama zote kwa sababu ndiyo inayoonekana. Lakini theluji nyingi huja na mawingu, na mawingu ni blanketi. Siku kama Jumanne yako kipimajoto husoma kama nyuzi 20 za Farenhaiti, yaani 7 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na kwa upepo mdogo ngozi inahisi kama nyuzi 13 hivi. Kwa hapa hiyo ni baridi ya kawaida, watoto wanatolewa nje kucheza. Na katika kiwango hicho chumvi ya barabarani bado inayeyusha barafu. Magari ya kusukuma theluji yakipita alfajiri mara mbili, basi linatembea.

Dhoruba ikishapita, hewa ya kutoka kaskazini kabisa huteremka nyuma yake, mawingu yanafunuka, na usiku joto lote la ardhi linapanda juu likapotea. Asubuhi anga la buluu, jua linametameta, unaweza kudhani uko Malindi. Ukitoka nje nywele za puani zinaganda kwa pumzi ya kwanza. Jua lile la Januari halipashi kitu, dada. Hapa anga likiwa safi kabisa katikati ya majira ya baridi, mimi ndipo naongeza sweta.

Halafu kuna upepo. Mwili wako unajipasha kijitabaka chembamba cha hewa juu ya ngozi, na upepo unakuja kukipeperusha kila mara, mwili unaanza upya. Hesabu wanayotumia Marekani tangu 2001 inapima jinsi uso unavyopoteza joto. Kipimajoto kikisoma 15 chini ya sifuri kwa Farenhaiti, na upepo ukivuma maili 15 kwa saa, baridi inayohisiwa ni 39 chini ya sifuri. Karibu na hapo Farenhaiti na Selsiasi huwa zinakutana, kwa hiyo hata usihangaike kubadilisha. Kwa baridi hiyo shavu lililo wazi linaweza kuganda kwa dakika kama 10. Kwenye simu yako, usiangalie ile namba kubwa ya joto. Tafuta ile ndogo ya baridi inayohisiwa. Wilaya nyingi za huku zinaanza kuulizana ikikaribia 35 chini ya sifuri, ingawa kila moja ina kiwango chake, na wilaya yenye watoto wengi wanaotembea kwa miguu hufunga mapema kuliko ile ambayo basi linasimama mlangoni.

Kwa hiyo swali ambalo mkuu anajiuliza halihusu darasa. Darasani kuna joto. Anajiuliza mtoto wa miaka 6 atasimama kituoni dakika ngapi, na basi likichelewa je?

Na kwenye baridi ile basi linachelewa, hapo nakuapia. Ungefika uwanjani kwetu saa kumi usiku ungeyakuta mabasi ya njano yamepangwa, kila moja limechomekwa waya wa umeme puani kama simu inayochajiwa, ili injini isipoe kabisa. Betri kwenye nyuzi sifuri za Farenhaiti imebaki na kama nusu ya nguvu zake, na oili imekuwa nzito kama asali. Dizeli nayo ina nta ndani. Unakumbuka mafuta ya nazi yanavyoganda kwenye chupa Nairobi mwezi wa Julai? Dizeli isiyotengenezwa kwa ajili ya baridi hufanya vivyo hivyo, inaziba chujio, na basi lililowaka vizuri uwanjani linazimika likiwa limebeba watoto 40. Breki za upepo zikiwa na unyevu, unaganda ndani ya mabomba. Ile chumvi ya Jumanne, baridi ikishapita kama nyuzi 15 za Farenhaiti kwenda chini, nguvu zake zinakwisha. Ijumaa barabara inaonekana safi kumbe ina utando wa barafu usiouona.

Wilaya moja niliyoifanyia kazi iliwahi kushikilia kwamba shule iko wazi kwenye asubuhi ya namna hiyo. Mabasi manne hayakuwaka. Tulihamisha madereva, tukaunganisha njia, muda wa kila kituo ukasogea mbele. Nilikuwa kwenye redio nasikia dereva ananiambia, "Naona mmoja kituoni, amegeuzia upepo mgongo, hageuki." Alikuwa wa darasa la kwanza, amengoja zaidi ya nusu saa. Alipona. Lakini tangu siku ile, mkuu akisema anafunga jua linawaka, sijawahi kumbishia.

Mbona wasiseme usiku? Hapo nakuunga mkono kwa sehemu. Theluji ni ngumu kutabiri, dhoruba ikihama maili chache tu wilaya moja inapata inchi 8 na jirani anapata 2, kwa hiyo kungoja alfajiri kuna maana. Baridi kali lakini inaonekana inakuja siku mbili tatu kabla. Wilaya nyingi siku hizi zikifunga kwa ajili ya baridi hutangaza jana yake mchana au jioni, na naona ndiyo haki kwa mzazi wa zamu ya usiku. Anayengoja mpaka alfajiri huwa anatumaini upepo utatulia. Wakati mwingine unatulia kweli. Mwandikie mkuu wenu hili, au nenda kwenye kikao cha bodi ya shule useme. Wakati wa maoni ya wazazi hawawezi kujua kwamba kuna mama kazini simu iko kabatini mpaka aje mmoja aseme.

Ukiambiwa shule "imechelewa saa mbili", angalia usije ukachanganywa na saa zetu. Hawasemi shule inaanza saa mbili. Wanasema ongeza saa mbili kwenye kila kitu: basi la saa kumi na mbili na dakika ishirini linakuja saa mbili na dakika ishirini. Mapema Januari jua la Minneapolis linachomoza karibu saa mbili kasorobo kwenda saa mbili asubuhi, kwa hiyo hizo saa mbili za nyongeza zinamtoa mtoto gizani, na wasukuma theluji wanamaliza kazi. Ila siku hiyo uji wa shule huenda usiwepo, ale kwanza nyumbani.

Kuna jambo ambalo wakuu wanaliogopa kuliko yote: kufungua asubuhi halafu kufunga katikati ya siku. Januari 12, 1888 asubuhi kulikuwa na joto la kushangaza kwenye mbuga za Nebraska, Dakota na Minnesota hii. Watoto wakaenda shule bila makoti mazito, dhoruba ikawakuta wakirudi. Waliokufa wanakadiriwa 235, wengi wao watoto. Na usidhani ni mambo ya kale. Januari 28, 2014 kule Atlanta theluji ya inchi mbili na kitu tu ilianguka mchana, shule na ofisi zikaachia watu kwa wakati mmoja, barabara zikaziba, wapo watoto waliolala shuleni na wengine wakakwama ndani ya mabasi mpaka usiku. Kwa hiyo mkuu akiona mchana utakuwa mbaya kuliko asubuhi, anafunga wakati wewe unaona kumetulia.

Wala kufunga si bure, na wazazi wengine wanadhani walimu wanatafuta kulala. Tangu 2023 watoto wa shule hapa Minnesota wanapata kifungua kinywa na chakula cha mchana bila malipo, na wapo ambao hicho ndicho chakula chao cha uhakika. Shule ikifungwa, hawali. Sheria ya jimbo inaruhusu hadi siku 5 kwa mwaka za kusomea nyumbani kwa mtandao, zikahesabiwa kama siku za shule, lakini mtoto wa miaka 6 mbele ya kompyuta na mama aliyetoka zamu ya usiku... wewe unajua.

Unaweza kumbakisha mtoto nyumbani shule ikiwa wazi? Ndiyo. Wilaya nyingi huandika wazi kwamba mzazi akiona hali ya hewa ni hatari kwa mtoto wake, anaweza kumzuia na atapewa ruhusa. Kinachotakiwa ni kupiga simu ya mahudhurio kabla masomo hayajaanza, utaje jina la mtoto, darasa, na sababu. Usipopiga inaandikwa utoro, na kwa mtoto wa shule ya msingi siku 3 za utoro kwa mwaka ndipo barua zinapoanza, zikifika 7 mambo yanaweza kufika kaunti au mahakamani. Mzembe ni asiyepiga simu.

Kuhusu msimamizi wako, hapo sheria iko upande wako kuliko unavyofikiri. Tangu Januari 1, 2024 karibu kila mfanyakazi Minnesota, hata wa muda, anajiwekea saa 1 ya ruhusa yenye malipo kwa kila saa 30 anazofanya kazi, hadi 48 kwa mwaka. Wewe kwa miezi sita ya saa 36 kwa wiki unakaribia 31, kama hujazitumia. Na moja ya sababu zilizotajwa na sheria ni shule ya mtoto kufungwa kwa ajili ya hali ya hewa. Kukupunguzia saa kwa sababu umeitumia ni kukuadhibu, na hairuhusiwi. Mwambie kwa maandishi, kwa upole, mara tu unapoupata ujumbe wa shule, na uhifadhi picha ya ujumbe huo. Angalia pia hesabu ya hizo saa: kila kipindi cha malipo mwajiri anapaswa kukuonyesha, kwa maandishi au kwa mtandao, una saa ngapi. Akiendelea kukutisha, piga simu idara ya kazi ya jimbo uombe mkalimani, au uende ofisi ya msaada wa kisheria. Hilo usilibebe kwa ushauri wa maandishi kama huu wangu peke yake.

Kuhusu kuwaacha peke yao mpaka urudi, usijaribu. Kwa mwongozo wanaotumia watu wa ulinzi wa watoto hapa, mtoto wa miaka 7 kushuka chini haachwi hata kidogo, na wa 9 hazidishi muda wa saa tatu peke yake. Na huyo wa 9 hahesabiwi kuwa mlezi wa mdogo wake, hata kama wewe kwenu ulibeba wadogo zako mgongoni ukiwa na 7.

Mavazi utanisamehe nikisema haraka. Nguo ya kubana ndani, sweta, halafu koti. Boshori inayofunika masikio. Skafu juu ya pua. Glavu za kifuko, zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja, zina joto kuliko za vidole mbalimbali, na kwa yule mdogo ndizo za kununua. Vaseline ipake kwa ajili ya ngozi kukauka, hiyo sawa, lakini haizuii baridi. Watafiti wa Finland waliichunguza tabia hii ya kujipaka mafuta usoni wakakuta anayejipaka huhisi amekingwa, kumbe yuko kwenye hatari zaidi. Na nimonia haiingizwi na hewa baridi kifuani kama tulivyoambiwa na mabibi; ni vijidudu.

Tatizo lako la Ijumaa, ukilitazama vizuri, ni kwamba ujumbe ulifika kwa mtu ambaye hakuwa pamoja na watoto asubuhi ile. Jumatatu nenda ofisi ya shule, sema namba ya jirani iongezwe kwenye orodha ya wanaopigiwa simu, na usikubali jibu kwamba orodha ni ya wazazi tu mpaka uonyeshwe. Mwombe jirani naye asiwatoe watoto nje kabla hajaangalia simu. Omba pia ujumbe uje kwa Kiswahili. Sheria ya taifa inazitaka shule ziwasiliane na mzazi kwa lugha anayoielewa, na zinao wakalimani. Ukiwa hapohapo, pita kwa muuguzi wa shule na mdogo, aviangalie vile vidole.